Neno la Usingizi

Mjukuu wangu alipokuja Kasulu likizo iliyopita, alikuja na mfuko mdogo wa kitambaa uliojaa dadu za ajabu. Si zile za pande sita tunazozijua. Nyingine zilichongoka kama punje ya hindi, nyingine zilikuwa na pande nyingi hata zikakaribia kuwa duara. Akawakusanya watoto wawili wa jirani kwenye meza ya sebuleni, nami nikakaa mlangoni na ungo wangu nikichambua dagaa. Sikuwa nasikiliza kwa makusudi, lakini masikio hayana mfuniko.

"Umepigwa na uchawi wa kicheko," alimwambia mmoja wao. "Huumii, ila huwezi kushika upanga mpaka zamu yako irudi."

"Sasa una faida gani uchawi usioua?" mtoto yule akauliza.

"Haya ni mazoezi. Anayekufundisha vita hawezi kukuua mazoezini."

Mkono wangu ukasimama ndani ya ungo. Nikamwuliza mchezo huo kautoa wapi. Akanijibu kwa upole, vile wajukuu wanavyotujibu tukiuliza habari za simu, "Ni mchezo wa kigeni, Bibi. Wewe huwezi kuujua." Nikamwacha. Kumweleza kwamba mimi niliucheza, au mchezo ulio ndugu yake, kabla mama yake hajazaliwa, kungetaka alasiri nzima, na yeye alikuwa anasubiriwa arushe dadu. Nawaeleza ninyi wa rika langu, ambao angalau hamtaniuliza kijiji cha ujamaa kilikuwa kitu gani.

Tulikuwa tumehamishiwa kijijini si muda mrefu. Kabla ya hapo kila familia ilikaa kwenye kilima chake na migomba yake, na jirani ulimjua kwa sauti ya mbwa wake. Kisha tukapangwa mstari kando ya barabara iendayo Kibondo, nyumba zikitazamana kama wagonjwa kwenye mabenchi ya zahanati, na hatukujuana. Baba alikuja na meza kutoka kilimani. Ilikuwa ya mninga, nzito, na yeye na mjomba waliibeba kichwani wakisimama kila mwinuko kuvuta pumzi. Walipofika, mlango wa nyumba mpya ukaikataa. Baba aliilaza ubavu, akaipindua miguu juu, akajaribu dirishani, mwisho akakaa chini akaitazama. Ikabaki nje, chini ya upenu. Kuku walitaga chini yake, na juu yake tukatawala sisi watoto.

Aliyetufundisha mchezo aliitwa Spesioza. Alikuwa na miaka kama kumi na mitatu, mrefu, mwembamba wa shingo, na gauni la mtu mzima alilolifunga kiunoni kwa kamba ya katani. Alikuwa amevuka mpaka kutoka Burundi pamoja na bibi yake, wawili hao tu, na katekista wa kijiji aliwapa jiko lake la nje wakae humo. Lugha yao ilikuwa ndugu ya Kiha chetu, tukielewana bila shida, ila Spesioza mwisho wa neno aliunyanyua kidogo, kama mtu anayekanyaga ngazi ambayo wewe huioni. Watu wazima walimwita "yule mkimbizi". Mimi nilikuwa na miaka saba au minane na Kiswahili nilikuwa bado nakijifunza shuleni. Nilijua kukimbia maana yake nini. Nikaamini kwamba binti huyu alikuwa bingwa wa mbio huko kwao, na kwa muda mrefu nilimfuata kisimani nikingoja nimwone akitimua mbio. Sijapata kumwona mtu anayetembea polepole kama yule.

Siku moja alisimama kwenye meza yetu, akaokota kipande cha mkaa kilichoanguka jikoni kwa mama, akanitazama kama anayeomba ruhusa, akaanza kuchora. Akachora mto, akachora vilima, akachora ngome ya mfalme, na pembeni kabisa pango la mnyama mwenye vinywa viwili, kimoja cha kulia chakula na kimoja cha kudanganyia. Akatuambia kila mtu achague askari wake. Kaka yangu Gervas, aliyenizidi miaka mitatu, akachukua haragwe jekundu. Yusufu, mtoto wa Mzee Salumu mwenye duka, akaleta kifungo cha shati. Mimi nikachukua punje ya hindi nyeupe. Dadu zetu zilikuwa vipande vya mwanzi vilivyopasuliwa katikati. Ukivirusha, vile vilivyolala na upande mweupe juu ndivyo vilivyohesabiwa. Spesioza hakuwa na askari. Yeye alikuwa nchi yenyewe. Alikuwa mto ukifurika, mlinzi wa lango, mvua, mbwa wa mfalme. Ukimwambia, "Askari wangu anavuka," yeye ndiye aliyekwambia maji yamekufika wapi.

Mnyama wa vinywa viwili alikuwa akiinyanyasa nchi, na sisi tulikuwa tukijiandaa kwenda kumpiga. Lakini kabla ya vita kulikuwa na mazoezi, na mazoezi hayo yalifanywa kwa maneno. Spesioza alisema maneno ni ya aina mbili. Kuna maneno mazito, yanayoua, na kuna maneno mepesi, ambayo hayamdhuru mtu. Askari anafunzwa kwa yale mepesi. Lilikuwepo neno la chafya, neno la kicheko, neno la matope linaloshika miguu, neno la vumbi linalokuficha, na neno la usingizi. Ukimpiga mwenzako kwa neno na mianzi ikakubali, si askari wake peke yake aliyepatwa, bali mwenyewe pia ilimpasa kuonyesha. Wa kicheko alicheka, na huku anacheka ilimlazimu aeleze anavyopigana. Wa usingizi aliweka kichwa mezani na kunyamaza mpaka zamu izunguke na Spesioza aseme, "Vyuka," yaani amka.

"Kuna maana gani kupigana huku unacheka?" Yusufu alimwuliza siku za mwanzo.

"Ukizoea kupigana unacheka," alisema Spesioza, "siku ukiogopa mikono itakumbuka yenyewe."

Tulifanya mazoezi msimu mzima. Nakumbuka harufu ya meza ile ikipigwa na jua, mninga na mkaa na kinyesi cha kuku, na sauti ya mianzi ikianguka. Mvua ikinyesha ya upepo ilifuta nchi yote, na kesho yake Spesioza aliichora upya, mto umehama kidogo, naye akasema ndivyo mito inavyofanya. Kitu kimoja tu kilitukera. Vita haikuja. Kila tulipodhani tumeiva, alipata sababu. Daraja limevunjika. Mfalme ana msiba. Gervas, ambaye haragwe lake lilikuwa limeshinda mazoezi yote, alichoka kungoja.

"Spesioza, vita lini?"

"Hamjawa tayari."

"Mimi niko tayari. Tufundishe maneno mazito tukampige."

Akakusanya mianzi kiganjani, akaipanga moja juu ya nyingine. "Hapa kila mtu anangoja zamu yake," akasema. "Vita haina zamu. Siwezi kuwachezesha kitu kisicho na zamu."

Mimi nilimwelewa kwa akili yangu ya utoto. Niliona kwamba hayajui hayo maneno mazito, na anaona aibu kukiri. Nikamwonea huruma, nikamwambia Gervas amwache. Nilikuwa mtu mzima, nina watoto, nilipokaa siku moja nikifikiria kwamba hakuna mzazi wake aliyevuka naye mpaka, wala ndugu, ndipo nikajua ni nini alichokuwa anakiahirisha pale mezani siku baada ya siku.

Sasa nirudi kwa Gervas. Baba alikuwa mtu wa nyuki. Mizinga yake ya magome ilining'inia mbali, ndani ya msitu kuelekea Kagerankanda, na hata tulipohamishwa kijijini aliendelea kuifuata. Mwaka ule alimchukua Gervas kwa mara ya kwanza. Walikaa huko siku kadhaa na kurudi wananuka moshi, Gervas akitembea kwa mwendo wa baba, mikono nyuma. Aliniletea sega kwenye jani na kunisimulia namna nyuki wanavyonguruma kabla ya kukasirika. Hakunisimulia habari ya jipu lililokuwa limemtoka nyuma ya shingo. Alilificha kwa kusimamisha ukosi wa shati, kwa kuwa mama angeliona angesema msitu haumfai na asingemruhusu tena. Mimi niliona ukosi tu. Nikadhani ndivyo watu wa msituni wanavyovaa, nami nikasimamisha wangu.

Zikapita wiki. Alasiri moja tuko mezani, zamu ni yangu, na askari wa Gervas amesimama mlangoni mwa ngome. Nikasema nampiga kwa neno la usingizi. Nikarusha mianzi. Yote ikalala upande mweupe juu, jambo ambalo halikuwahi kunitokea. Nikashangilia mwenyewe. Gervas akaweka kichwa mezani bila ubishi. Yusufu akacheza zamu yake, Spesioza akaeleza mlango unavyofunguka, kisha akasema, "Vyuka."

Gervas hakuinuka. Tukacheka, maana aliigiza vizuri kuliko siku zote. "Vyuka, Gervas," Spesioza akarudia. Yusufu akamtekenya sikio kwa unyasi. Mate yalikuwa yanamtoka, yanaenda kwenye mto wa mkaa na kuufanya tope. Spesioza akamshika bega, akamtikisa, ndipo akafumbua macho na kututazama kama wageni. Akamsukuma Yusufu kwa hasira, akaingia ndani. Kaka yangu hakuwa mtu wa hasira.

Tangu hapo alisinzia. Alisinzia darasani, mwalimu akamchapa, akasinzia tena. Alisinzia na tonge la ugali wa muhogo mkononi, mchuzi wa mawese ukimtiririka hadi kiwiko. Homa ikaja ikaondoka. Mama alimpeleka zahanati akapewa vidonge vya malaria, akachangamka kidogo, akarudia palepale. Alisema kichwa kinamgonga kama mtu anapasua kuni ndani yake. Na mimi nilijua kwa nini. Neno lilikuwa jepesi, lakini mianzi yote ilikuwa myeupe, na kwa wingi huo neno lilikuwa limegeuka zito. Hakuna aliyeniambia hivyo. Niliifikia hesabu hiyo mwenyewe, na ilikuwa hesabu isiyo na kosa lolote isipokuwa kwamba haikuwa kweli.

Nilimfuata Spesioza kwenye jiko la katekista. Alikuwa anamenya muhogo na bibi yake, kikongwe mdogo aliyekuwa na kikohozi kisichoisha.

"Dada, mfungue Gervas," nikamwambia. "Lile neno limekwama."

Hakunicheka. Aliweka kisu chini. "Mdogo wangu, yale ni maneno tu. Ni ya mchezo. Hayawezi kumlaza mtu."

"Lakini amelala."

"Amelala, ndiyo," akasema. "Hilo hata mimi naliona."

Kuanzia siku ile alikuja kwetu kila alasiri, si kucheza bali kukaa. Aliketi karibu na Gervas, ambaye sasa alishinda kwenye mkeka chini ya upenu, akamsemesha, akamwuliza vitu vidogo, mto uko wapi, askari wako nani. Wakati mwingine kaka alijibu, wakati mwingine alilia bila sababu. Na kila akisinzia, Spesioza aliinama na kumwambia sikioni, "Vyuka." Nilifurahi sana. Niliamini anamfungua kwa siri, na kwamba alinikatalia tu ili watu wasijue uwezo wake.

Kumbe watu walikuwa na imani yao tayari. Yusufu alikuwa ameeleza nyumbani kwao namna Gervas alivyolala mezani, akieleza kama kichekesho. Kichekesho kikatoka nyumba moja kwenda nyingine, na kilipofika kwa Mama Edisoni, jirani yetu wa ubavuni, hakikuwa kichekesho tena. Mama Edisoni hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amezika watoto, na mtu aliyezika watoto huwa hapendi kuambiwa kwamba ni homa tu. Yeye ndiye aliyelitaja neno mlozi. Alikuwa amemwona yule binti kwa macho yake, akimnong'oneza mgonjwa sikioni kwa lugha ya kwao, kila siku.

Siku ya tatu au ya nne ya maneno hayo, mjumbe wa nyumba kumi aliita watu uani kwetu, baada ya kutoka shambani. Wanaume walikaa kwenye magogo, wanawake chini. Katekista alikuja na bibi yake Spesioza, amemshika mkono, na Spesioza nyuma yao. Gervas alikuwa kwenye mkeka wake, macho yamefumba nusu. Baba alikaa peke yake kwenye kizingiti anachonga kigingi cha mzinga. Hakumtazama mtu. Asubuhi ile nilikuwa nimemsikia akimwambia mama, "Waende tu. Wakiondoka, mtoto atapona."

Mjumbe alikuwa mtu wa haki, akipenda kuanza mwanzo. "Binti," akasema, "tumeambiwa unawachezesha watoto mchezo wa kulaza watu."

"Ndiyo, mzee."

Uwanja ukanong'ona. Mjumbe akainua mkono. "Wa kulaza watu?"

"Wa kulaza maharage na punje za mahindi, mzee. Mwenye askari huweka kichwa mezani mpaka zamu ifike."

"Na huyu hajaamka tangu siku hiyo," Mama Edisoni akasema. "Tunangoja nini? Huko walikotoka watu walimalizana, sasa wametuletea."

Bibi yake Spesioza akakohoa. Mama yangu akasimama. Nilimwona anavyobana mikono chini ya khanga. "Spesioza," akasema, "mimi nimekula nawe. Niambie mimi. Mwanangu amelala kwa neno lako?"

Nilikuwa nyuma ya mguu wa meza, nimeukumbatia kwa mikono miwili, kwa sababu neno halikuwa lake, lilikuwa langu, na mianzi niliirusha mimi. Nilingoja anitaje.

"Neno ni langu, Mama Gervas," akasema Spesioza. "Mchezo wote ni wangu. Lakini neno lilimkuta amekwisha kusinzia."

"Unasema nini?"

"Mimi sina askari mezani. Kazi yangu ni kuwatazama wao. Alipotoka msituni na baba yake alikuwa na jipu hapa nyuma ya shingo, analificha kwa ukosi. Alikuwa anajikuna. Jipu likanywea, akaanza kusema kichwa kinamuuma. Halafu akaanza kusahau zamu yake, na Gervas hasahau zamu. Kisha akawa anapiga miayo, na kichwa kinaanguka hivi, kabla hata hajapigwa neno lolote. Siku ile ya usingizi alikuwa amenichelewesha mara nyingi. Nimekuja kukaa naye nione kinachozidi. Kinazidi, mama. Sasa mikono inatetemeka. Namwamsha kwa neno la mchezo kwa sababu ndilo analolisikia bado."

Alisema yote hayo kwa ule mwendo wake wa polepole. Hakuapa kwa Mungu, hakulia. Mama Edisoni alifungua kinywa, lakini baba alikuwa amesimama.

Kigingi kilimponyoka mkononi. Akavuka uwanja, akapiga goti kwenye mkeka, akaushusha ukosi wa Gervas na kumgeuza shingo kwa kidole. Palikuwa na alama nyeusi, ndogo kama ncha ya kidole changu. Aliitazama mpaka watu wakaanza kutazamana.

"Mimi ndiye niliyempeleka," akasema, bila kuinua kichwa. "Kule kuna mbung'o. Nilimwona akijipiga shingoni, nikamwambia zoea. Haya si mambo ya binti huyu. Hii ni malale, ugonjwa wa usingizi. Marehemu mjomba wangu alianza hivihivi."

Mama alikaa chini palepale alipokuwa.

Miaka mingi baadaye, akiwa mzee asiyeweza tena kupanda mti, baba alinieleza jinsi wiki zile zilivyokuwa kwake. Alisema neno malale lilimjia mapema sana, lakini kila lilipomjia alilifukuza. Watu walipomtaja yule binti, alihisi mzigo umeshuka. "Kama ni uchawi," aliniambia, "basi si asali yangu." Angewaacha wafukuzwe, bibi na mjukuu, na angelala vizuri, mpaka siku ya kumzika mwanawe. Kilichomwinua, alisema, ni kule kusikia kwamba mtoto wa watu, asiye na kwao, alikuwa ameliona jipu, na yeye baba hakuliona.

Mzee Salumu alikuwa na gari dogo la kubebea bidhaa. Jioni ileile alishusha magunia ya chumvi barabarani, akatandika turubai, na Gervas akapelekwa hospitali na baba na mama. Baba alirudi peke yake. Alisema wamemtoa maji ya uti wa mgongo, wakayatazama kwa darubini, na wamewaona wadudu. Alisema ipo dawa, ila ni kali, inachoma mishipa kama moto, na daktari hakuwaficha kwamba wapo inaowashinda. Mama alibaki huko.

Bibi yake Spesioza alikuja siku iliyofuata bila kuitwa, akawasha moto wa mama, akatupikia maharage. Akaja na kesho yake, na siku zote mama alizokuwa hayupo. Baba alikula akiwa ameinamisha uso. Mama Edisoni alileta viazi vitamu kwenye ungo, akauweka karibu na yule kikongwe, akakaa akamsaidia kumenya. Sikusikia wakisemeshana. Waliumenya ungo mzima.

Mimi nilikuwa na swali langu. "Kwa nini hukusema tu kwamba hukufanya kitu?" nilimwuliza Spesioza tukiteka maji.

"Kwetu watu walisema hivyo," akajibu. "Hawakusikilizwa. Nikaona bora niseme nilichokiona." Kisha akanitwisha ndoo, akaiweka sawa kichwani mwangu.

Gervas alirudi mvua za vuli zikiwa zimeanza. Alikuwa mrefu kuliko nilivyomwacha, na mwembamba kiasi kwamba masikio yalionekana makubwa. Mama alisema kulikuwa na siku mbili ambazo hakumjua, na muuguzi mmoja alimwambia aite kasisi, akakataa. Alirudi anasema taratibu, akitafuta maneno kama mtu anayechagua mchele, na hiyo haijamtoka mpaka leo. Lakini yuko hai. Anaishi Kibondo, ni fundi wa baiskeli mwenye wajukuu kunizidi, na watu wasiomjua humwona mtu mwenye busara kwa sababu hajibu upesi. Mimi sikuwahi kumwambia mtu habari ya mianzi myeupe. Siku aliporudi nilimtazama akila, na hesabu yangu yote ikayeyuka yenyewe, bila mtu kuisahihisha.

Hatukukaa na Spesioza muda mrefu baada ya hapo. Ilikuja amri kwamba waliovuka mpaka wapelekwe kwenye makazi yao, mbali, upande wa Tabora, wapewe mashamba. Lori lingewachukua asubuhi, penye njia panda ya kwenda kanisani. Mama alisaga unga wa muhogo tangu jana yake, akajaza kikapu, akanishika mkono tukaenda.

Walikuwa wamekaa juu ya mafurushi yao kando ya njia, umande ukiwa bado haujakauka. Sisi Waha salamu yetu si ya kupita. Aliye mdogo huinama au hupiga magoti, hupiga makofi polepole, viganja vikiwa na shimo katikati visije vikapiga kelele, na hudumu chini mpaka mkubwa amalize kumwuliza habari. Nilijua la kufanya, nikamwendea yule kikongwe. Mama hakwenda kwa kikongwe. Alitua kikapu, akasimama mbele ya Spesioza, akapiga magoti kwenye majani yenye maji, akaanza kupiga makofi.

"Mwakeye," mama akasema, ndiyo salamu yetu ya asubuhi.

Spesioza alishtuka akaruka kutoka kwenye furushi. Mama wa watu hampigii magoti binti. Akapiga magoti naye, akainama chini zaidi ya mama ili amzidi kwa unyenyekevu. Mama akainama zaidi. Spesioza akainama mpaka paji la uso likakaribia ardhi. Viganja vyao vilikuwa vinapiga taratibu, vikipishana, na kila mmoja alingoja mwenzake ainuke kwanza, na hakuna aliyeinuka. Wote wawili walikuwa wanatazama majani.

Nikadhani wamedondosha kitu. Nikaenda nikapiga magoti katikati yao, nikaanza kupapasa nyasi kwa mikono miwili, niwasaidie kutafuta. Lori lilipopiga honi, tulikuwa bado chini.